Shika, Shusha

Ungemwona mshika kamba akinywa chai asubuhi ile, ungemhurumia. Kikombe alikishika kwa mikono miwili kama mtoto anayefundishwa kunywa, na bado chai ilimwagikia mezani. Mkewe alijifanya haoni. Alijua akisema neno tu, mumewe ataacha chai na kuondoka na njaa, na leo hakutaka kabisa aondoke na njaa. Leo mumewe alikuwa anarudi kwenye kamba.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, kuifanya ndio shughuli. Fundi rangi anakaa kwenye kibao kinachoning'inia ukutani. Kamba ya kibao inapanda hadi kwenye kapi juu ya paa, inateremka mpaka chini, inazungushwa kwenye nguzo ya chuma, na mwisho wake unakuwa mikononi mwa mshika kamba. Fundi akimaliza kipande cha ukuta anapaza sauti, "Shusha!" naye anateremshwa taratibu. Akitaka kubaki palepale anasema, "Shika!" Maneno mawili basi, na kwa miaka yote yalitosha.

Mpaka siku ile upepo ulipovuma, lori likapiga honi barabarani, na neno likafika chini limeliwa katikati. Mshika kamba alisikia shusha, akaachia. Aliyekuwa juu alikuwa amesema shika, tena amejinyoosha nusu nje ya kibao akikwangua kutu ya dirisha. Alichomoka kama embe bovu, akaangukia turubai la duka, turubai likamtupa chini, na paja likavunjika. Na huyo aliyevunjika hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe wa kuzaliwa tumbo moja.

Tangu hapo mshika kamba hakushika kitu. Alichanganya rangi, aliosha brashi, alifagia. Jina la kazi lilibaki kama kofia isiyo na kichwa. Mtoto wake wa kike, aliyezaliwa majuma machache baada ya ajali, hakuwahi kubebwa na baba yake hata mara moja. Mkewe akimwambia, "Hebu mshike kidogo nigeuze chakula," alijibu kwamba mikono ina rangi. Mikono ilikuwa safi kuliko ya daktari. Mtoto aliwekwa kwenye mkeka akaendelea kulia, na baba mtu akatoka nje kujifanya anaangalia mvua.

Kanisani alihamia kiti cha karibu na mlango. Machoni pake Mungu alikuwa kama msimamizi wa kazi anayetembea kimya kimya, akingoja kumkuta tena na kosa. Wengine wakiomba mambo marefu, yeye sala yake ilikuwa neno moja, "Niache." Aachwe, atengwe, asipewe tena mtu wa kumwangusha.

Halafu jana jioni shemeji akaja na fimbo yake, akakaa bila kukaribishwa, kama kawaida ya mashemeji.

"Kesho napanda," alisema. "Na kamba unashika wewe."

"Tafuta mwingine."

"Mwingine simtaki."

"Shemeji, nikikuangusha tena?"

"Utakuwa umeniangusha. Lakini nikipanda kwa mtu mwingine, wewe ndiye utakuwa umeanguka, na wewe hakuna turubai la kukudaka."

Mshika kamba akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa, kwamba usiku anasikia ule mlio wa mfupa, kwamba hata kuomba hawezi kwa sababu anajua Mungu anamtazama vipi.

"Anakutazama vipi?" shemeji akauliza, na safari hii hakuwa na utani. "Mimi nilikuwa pale chini nimelala, nikaona uso wako. Nilikusamehe kabla gari la wagonjwa halijafika. Sasa kama mimi, na ubaya wangu huu unaoujua, nilikupenda na mguu umevunjika, huyo Mungu unadhani ananizidi nini? Roho mbaya?"

Mkewe alikuwa jikoni. Sufuria iliacha kugongwa.

Basi asubuhi hiyo akaenda, roho mkononi. Jengo lilikuwa la ghorofa nne, duka la viatu chini. Baada ya ajali msimamizi alikuwa ameleta filimbi: mlio mmoja ni shika, miwili ni shusha. Shemeji akaivaa shingoni, akaegemeza fimbo ukutani, kisha akaishika mikono ya mshika kamba, yote miwili, iliyolowa jasho.

"Baba, mikono hii unaijua na unaipenda. Na mimi naipenda. Amina."

"Mbona fupi hivyo?"

"Mungu si kiziwi kama wewe."

Akapanda ngazi akichechemea, na baada ya muda kibao kikaning'inia kutoka paani na miguu miwili ikibembea. Kamba ikakaza. Mshika kamba alihisi uzito wa mtu mzima ukiingia viganjani. Filimbi ikalia mara moja. Akashika. Ikalia mara mbili, akashusha kidogo kidogo, akihesabu pumzi. Ghorofa ya nne ikaisha salama. Akaanza hata kudhani kwamba labda leo ataweza.

Ndipo kitu kikaanguka, kikagonga lami, kikabingirika mpaka kwenye kiatu chake. Ilikuwa filimbi. Uzi wake ulikuwa umekatika.

Upepo nao, utadhani ulikuwa unangojea hapo, ukaanza kuvuma. Vumbi likapanda. Kule juu kibao kikayumba, na sauti ya shemeji ikaja imechanika:

"Sh... a!"

Mshika kamba akaganda. Shika au shusha? Kama ni shusha, labda mguu umemshinda, labda fundo linafunguka. Kama ni shika, akiachia hata kidogo tu... Sauti ikaja tena. "Sh... a!" Vidole vikaanza kulegea vyenyewe kama siku ile. Mlio wa mfupa ukamjia masikioni. Alitaka kutupa kamba na kukimbia, na hilo nalo lingekuwa kuua.

"Bwana," akasema, na mdomo ukawa tayari kutoa lile neno lake la siku zote. Lakini aliona miguu ile miwili inayobembea, mmoja mwembamba kuliko mwingine, akampenda mwenye miguu hiyo mpaka kifua kikamuuma. Neno likatoka lingine. "Nishike."

Akapiga moyo konde. Akaongeza mzunguko mwingine wa kamba kwenye nguzo, akakita mguu ukutani.

"Nimeshika!" akapiga kelele. "Nimekushika, shemeji!"

"Sh... a!"

"Nimekushika! Siachii!"

Wauza viatu wakatoka nje. Hofu ilikuwapo bado, lakini mikono haikuisikiliza. Alishika mpaka upepo ukachoka, vumbi likatulia, na sauti kutoka juu ikafika nzima, yenye hasira:

"Nimesema shusha, wewe! Shusha! Nimebanwa mkojo!"

Wauza viatu wakaangua kicheko. Mshika kamba akacheka pia huku analia, akamshusha pole pole, kama mtu anayelaza mtoto. Shemeji alipokanyaga chini hakusimama kuzungumza, alikimbilia uani na mguu wake mbovu. Aliporudi alimsogelea mshika kamba.

"Mara ya pili unasikia vibaya."

"Mara ya pili," akakubali.

"Basi endelea kusikia vibaya hivyohivyo."

Wakakaa chini wameegemea ukuta, wakagawana maji ya chupa. Mshika kamba alikuwa anawaza. Muda wote ule alimwambia Mungu niache, niache, na hakuachwa. Labda upepo wa huku chini ulilila neno lake njiani, na kule juu likasikika nishike. Hakumwambia shemeji. Angemtania mwaka mzima.

Jioni aliingia nyumbani, akanawa, na kabla hajaambiwa akainama mkekani akamchukua binti yake. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania. Mtoto akamshangaa, akakamata sikio la baba yake kwa ngumi nzima. Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka kwa kelele, na mkewe akasema neno ambalo halikusikika vizuri.

"Nimemshika," akajibu.

"Nimesema mshushe, uje ule."

"Nimemshika," akasema tena, na hakumshusha.