Kabati Jembamba la Ukutani

Dada yangu Zoraida alikuwa ameshaamua kwamba adui ni meza. Ilikuwa meza nzito ya zamani, pana kama kitanda cha mtoto, na juu yake ilikaa TV kubwa waliyoletewa na binti yao. Sebule yenyewe ni ndogo. Ngazi za kupanda kwangu ghorofani zimekula upande mmoja, mlango wa jikoni umekula mwingine, na kilichobaki kiligawanywa kati ya kochi na meza hiyo. Mume wake, Eleuterio, hakuwa na siku aliyopita hapo bila kujigonga. Akipandisha suruali unaona miundi imejaa majeraha, mabichi juu ya yaliyopona.

"Itakuja kukuvunja mguu hii," dada alisema huku akimpaka dawa. "Tununue kabati jembamba, la kutundika ukutani. Chini pabaki peupe, upite kama binadamu."

"Meza haijasogea miaka yote," nikachokoza. "Ni miguu ya shemeji ndiyo inayorefuka uzeeni."

"Nyamaza wewe," Eleuterio akajibu, "unayeshuka chini ukisikia harufu ya supu tu."

Tukacheka wote watatu.

Basi Jumapili moja ya Agosti tukaenda mtaa wa Villa El Salvador, kwa mafundi wa samani. Mbingu ya Lima ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme, na yale manyunyu yasiyolowesha wala kukauka yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Eleuterio alituendesha kwa teksi yake. Maisha yake yote ya utu uzima yalipita nyuma ya usukani, na sikumbuki kumwona akisafiri kama abiria hata mara moja.

Kwenye makutano, bajaji ilitokea upande wa kulia. Mimi niliiona tangu mbali. Yeye aliiona ilipokuwa imeshafika kwenye pua ya gari. Alifunga breki, nikagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, na yule wa bajaji akatutukana matusi ya mama na bibi.

"Hawa siku hizi wanachipuka ardhini!" Eleuterio alifoka.

Dada alifanya ishara ya msalaba, akamwambia, "Polepole tu, baba, makabati hayakimbii."

Fundi tuliyemwendea anaitwa Rufino, mtu mnene mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Duka lake lilijaa makabati ya kila namna: yenye milango ya vioo, yenye taa za buluu chini, na mengine makubwa ya kufunika ukuta mzima. Zoraida akatoa mkobani kipande cha kamba alichopimia nyumbani, akakinyoosha.

"Ukuta wangu ndio huu."

"Mama, huo ni ukuta au ni kizingiti?" Rufino akauliza. "Kwa huo nitakupa kibao cha kuwekea rimoti."

"Unipe hicho kibao, lakini kibebe TV."

Rufino akacheka, akamgeukia Eleuterio na kumpa mkono. Mkono ukabaki hewani. Shemeji alikuwa akitazama mbele, uso wake umetulia, na mimi nikadhani amekasirishwa na utani. Kisha akaanza kutembea kuelekea ndani, akalivaa kabati fupi lililokuwa katikati ya njia, akaanguka nalo kwa magoti.

Tulimnyanyua. Alijikung'uta vumbi kwa hasira.

"Nani anaweka kitu njiani hivi? Mnataka kuua watu?"

"Mzee, lipo hapo tangu mmeingia," Rufino alisema kwa upole. "Mama amelizunguka sasa hivi."

Dada yangu aliinama. Aliitazama damu iliyoanza kupenya kwenye suruali, palepale kwenye muundi, na nikaona uso wake unabadilika. Hapa hapakuwa na ile meza ya kulaumu.

Akamshika mumewe mkono, akamsogeza hadi mbele ya makabati matatu yaliyotundikwa kwa mstari: jeupe, la kahawia na jeusi.

"Haya, chagua wewe."

"Hili la kahawia zuri."

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

Kichwa chake kikaanza kugeuka kulia na kushoto, taratibu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Zoraida akamshika kidevu kwa mikono miwili.

"Usigeuze kichwa, Ele. Tazama mbele. Unaona makabati mangapi?"

Nje mtu alikuwa akikata mbao kwa mashine, ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Moja," akasema.

Rufino aliondoka akijifanya anatafuta vanishi. Tulimkalisha Eleuterio kwenye kochi la maonyesho, bado limefungwa nailoni, na kila alipojisogeza nailoni ililia chini yake.

"Tangu lini?" dada aliuliza.

"Mwaka jana. Ilianza pembeni. Nikadhani ni miwani. Halafu pakaendelea kuziba." Akaweka ngumi mbili machoni, moja kila jicho, akaacha matundu madogo. "Sasa ni hivi."

"Na unaendesha!"

"Mbele naona vizuri."

"Unaendesha watu, Ele! Watoto wa watu!"

"Ningefanya nini? Nikae ndani nikutazame ukipika?"

Kisha akatuambia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Miezi michache nyuma, jioni, akiwa peke yake, alisikia kitu kimegonga upande wa gari. Alisimama. Alikaa ndani muda mrefu akishindwa kufungua mlango, kwa sababu hakujua atakuta nani. Aliposhuka alikuta mbwa.

"Nilipiga magoti barabarani nikamshukuru Mungu kwamba ni mbwa," alisema. "Niliapa sitashika usukani tena. Asubuhi nikaushika."

Zoraida alinyoosha kiganja.

"Funguo."

"Na gari litarudije nyumbani?"

"Liozee hapahapa. Nipe funguo."

Nilidhani atagoma. Alizitoa mfukoni, lakini hakuziweka kwenye kiganja, maana alikuwa akimtazama usoni na kiganja kilikuwa chini. Dada ndiye aliyezifuata.

Tulinunua lile la kahawia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kutazama mengine. Rufino alitupakia na kabati letu kwenye kigari chake cha mizigo, akatukaribisha mbele, lakini Eleuterio alikataa kukaa karibu na dereva. Alipanda nyuma, akaketi juu ya mablanketi ya kufungia mizigo, nami nikaketi naye nimshike. Manyunyu yalitunyea njia nzima. Nilijaribu utani.

"Shemeji, leo umepanda daraja la kwanza."

"Acha, Nélida," akasema. Ni mara chache sana ameniita kwa jina.

Hospitali walituambia ni presha ya macho. Daktari, msichana mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba kilichokwisha potea hakirudi, na dawa ya matone itajaribu kulinda kilichobaki. Eleuterio aliuliza swali moja tu: kama angekuja mwanzoni ingekuwaje? Daktari alitazama meza yake kabla ya kujibu, akasema kwamba sasa tushughulike na matone.

Gari, ambalo Rufino alituletea nyumbani baadaye, liliuzwa kabla ya Krismasi. Mnunuzi alipoliwasha nje ya nyumba, Eleuterio alikuwa chooni, na alibaki humo hadi mlio ulipopotea kabisa. Zoraida sasa anauza uji wa kinwa, ile nafaka ya milimani, na mkate asubuhi kwenye kona ya soko. Hulala mapema na haongei sana. Siku moja tukimenya maapulo ya uji aliniambia anamwonea huruma mumewe, na kwamba hajamsamehe, na kwamba hajui vitu hivyo viwili vinakaaje katika kifua kimoja.

Kabati lilienea vizuri kuliko tulivyotarajia. Rufino alilitundika mwenyewe, akasugua pembe kwa msasa mpaka zikawa mviringo, ingawa hatukumwomba. Chini yake peupe kabisa, fagio linapita, mtu anapita. Majeraha ya Eleuterio yamepona yote, kwa sababu hatembei. Anaketi kwenye kiti alichosogeza hadi karibu kugusa TV, kichwa chake kikizunguka kidogo kidogo kutafuta sehemu za picha.

Jumapili iliyopita nilishuka nikamkuta akitazama mpira. Mchezaji alipiga pasi ndefu, na kwake mpira ukawa umetoweka. Alisubiri uonekane tena. Haukuonekana.

"Umekwenda kwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia umetoka nje, wanarusha.

"Wetu au wao?"

"Wao."

"Haya," akasema, akaendelea kutazama.