Nukta ya Sitini na Nane

Meza ilifutwa asubuhi, ikafutwa tena adhuhuri, na ilipotimu saa kumi mtu angeweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole. Vumbi lilikuwa la kijivu, zito, lenye ladha ya sarafu. Lilitoka kwenye tanuri la kuyeyushia betri kuukuu, hatua arobaini nyuma ya ukuta wa choo, na halikubisha hodi.

Mwenye nyumba alikunja tambara, akalisuuza, akaanza upya. Hakuwa mchafu mwanamke yule. Hakuna mtu wa Bondeni aliyekuwa akifuta kama yeye, na hakuna aliyekuwa akishindwa kama yeye. Mkekani alikaa binti yake wa miaka minne, waliyembatiza Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi chini ya mdomo. Mwaka jana Kidoti alikuwa na maneno kama kasuku. Sasa yalikuwa yamebaki matatu: mama, maji, na sitaki. Mguu wa kushoto alikuwa akiuburuza.

"Karatasi imesemaje, dada?" mwenye nyumba aliuliza bila kuinua macho.

Dada mtu alikuwa ameketi mlangoni na viatu vyake vya ofisini, karatasi ya maabara mapajani. "Sitini na nane."

"Kwa mia? Si kafaulu basi?"

"Si mtihani huu. Inatakiwa isifike tano. Ni risasi, iko kwenye damu."

Tambara lilisimama. "Risasi? Nani kampiga mwanangu risasi?"

Ikabidi aelezwe. Kwamba si risasi ya bunduki, ni madini, yanakaa ndani ya betri, yakichomwa yanapanda na moshi, yanashuka na vumbi, mtoto analamba vidole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza vilevile, polepole, kana kwamba dada yake ndiye aliyekuwa mzito wa kuelewa: "Sawa. Sasa nani kampiga?"

Dada mtu aliikunja karatasi ya maabara mara mbili.

"Dawa ipo?"

"Ipo. Ila haiagizwi mpaka baraza litangaze hatari, na hapo na tanuri litafungwa. Wanakaa Alhamisi. Grafu yao nachora mimi. Nimempa kila mtoto wa Bondeni nukta moja. Wapo mia na kumi na wawili, na Kidoti ana yake, juu kabisa."

Mdogo mtu akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Kidoti kawa kidoti kweli. Nitakuja kuiona hiyo nukta. Usije ukanificha."

"Njoo," dada yake akasema, na alimaanisha.

Kazini walimwita Bi Grafu, nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka. Kabla hajaja, ripoti za idara ya afya zilipambwa kama keki ya harusi: duara za rangi saba, vivuli, mistari juu ya mistari, na katikati ya vurugu hiyo tarakimu imejikunyata, hakuna anayeiona. Yeye alizivua mapambo yote. Ukutani, juu ya mashine ya kunakili, alibandika karatasi yenye maneno matatu: KISICHOSEMA KITU, KIFUTWE. Watu walinung'unika, halafu wakazoea.

Grafu ya Jumatano ile ilikuwa nyeupe tupu. Mstari mmoja mwekundu, kwenye tano. Nukta mia na kumi na mbili za kijivu, karibu zote juu ya mstari. Na moja kati ya hizo, peke yake, huko juu. Hata asiyejua kusoma angeelewa.

Mkurugenzi aliitazama akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Nzuri. Ila ina fujo."

"Fujo gani, bosi?"

"Hivi vinukta. Kama mavi ya inzi. Vyote hivi vinasema nini?" Akagonga karatasi ya ukutani kwa ufunguo. "Si sheria yako hii? Futa, weka wastani. Kitu kimoja, kinaeleweka."

"Wastani wa Bondeni ni thelathini na moja."

"Nani kataja Bondeni? Wa mji mzima. Kwani watoto wa Mlimani hawana damu?"

"Damu wanayo. Tanuri hawana."

Mkurugenzi akavuta kiti, akaketi. "Bi Grafu, mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi tusichoshane."

Watu sita walikuwa wakila kupitia mkataba ule, na Kidoti alikuwa mmojawapo. Bi Grafu akaichukua Bondeni, akaimimina ndani ya watoto elfu moja na mia mbili wa mitaa mingine, kama chumvi ndani ya pipa la maji. Ikatoka nne.

"Unaona? Chini ya tano," alisema Mkurugenzi. "Na huo mstari mwekundu wa nini, kama hakuna aliyeuvuka? Utoe. Na kichwa cha habari. 'Risasi katika damu'! Unataka watu wakimbie mji? Andika 'Hali ya damu ya watoto'."

"Na huyu wa sitini na nane?"

"Mashine imekosea."

"Alipimwa mara mbili."

"Basi imekosea mara mbili."

"Bosi, mficha maradhi, kilio humfichua."

"Kikija hicho kilio, tutakichorea grafu yake." Alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Unamjua mtoto mwenyewe?"

"Wa mdogo wangu."

"Ahaa. Pole. Ndiyo maana umechora kwa hasira. Grafu haichorwi kwa hasira, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mkurugenzi alikuwa mwongo, na alikuwa ameyashika masomo ya Bi Grafu kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo lile. Hilo ndilo lililomkereketa Bi Grafu rohoni. Akaziteua nukta zote. Alidhani zingetoka moja moja, apate walau kuziaga. Alibonyeza mara moja, zikatoka kwa mpigo. Ikabaki nguzo moja fupi. Akaambiwa aitie rangi ya kijani, akaitia.

Jioni ile hakupita Bondeni. Alijiambia kuwa mdogo wake angeghairi kuja, kwa hali ya mtoto.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mapazia ya ukumbi wa baraza yalifungwa ili projekta ionekane. Wajumbe walikuwa na chupa za maji mbele yao. Meneja wa kiwanda cha betri, chenye lile tanuri, alikaa safu ya pili, mikono juu ya magoti, mpole kama mfiwa. Bi Grafu alikuwa kando ya kompyuta.

"Waheshimiwa," alisema Mkurugenzi, "grafu inajieleza."

Kwenye turubai jeupe ilisimama nguzo ya kijani, na juu yake tarakimu: nne.

"Hii ndiyo kazi," Mwenyekiti akasema. "Safi, haina makorokoro. Kila mwaka mnatuletea mafumbo. Sasa, pendekezo ni kwamba hakuna hatari ya kutangazwa na kiwanda kiendelee. Wanaoafiki..."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mdogo wa Bi Grafu aliingia amemshika Kidoti mkono, akasimama akikodoa macho gizani. Alitazama turubai juu, akatazama chini, akatazama pembeni. Kisha akaja mbele katikati ya viti, kama mtu aliyeambiwa kitu kipo na akajilaumu yeye kwa kutokiona.

"Dada," alinong'ona, na ukumbi mzima ukasikia. "Iko wapi?"

Bi Grafu alitazama vidole vyake.

Kidoti alikuwa ameziona chupa. Alichomoa mkono, akauburuza mguu wake mpaka mbele, akasimama katikati ya mwanga wa projekta. Kivuli cha kichwa chake kikapanda kwenye turubai, kikaimeza nguzo ya kijani, kikapita juu ya ile nne na kwenda juu zaidi, mpaka karibu na ukingo.

"Maji," alisema.

Mjumbe mmoja akacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Mtoto wa nani huyu? Hebu mtoeni hapo, anatuchafulia grafu."

Askari wa mlangoni alikuwa mbali. Aliyekuwa karibu alikuwa Bi Grafu. Mkurugenzi akamtazama.

Bi Grafu akainuka. Akaushika mkono wa mtoto juu ya kiwiko.

"Sitaki," alisema Kidoti.

Akamvuta. Mtoto alikuwa mwepesi, alikuja bila kazi, mguu ukikwaruza sakafu. Mama yake alikuwa ameacha kutafuta kwenye turubai. Alikuwa akiutazama ule mkono wa dada yake.

"Nilikuuliza nani kampiga," alisema.

"Tuendelee," alisema Mwenyekiti. "Wanaoafiki?"

Mikono ikanyooka safu kwa safu, na mbele yao nguzo ya kijani ilionekana tena yote, vizuri kabisa, hata kutoka viti vya nyuma.