Mpaka Umalize

Kwa mbele dada yangu alikuwa mkurugenzi. Kwa nyuma alikuwa kamba ya kuanikia nguo. Koti lilikuwa la mjomba, na mjomba ni mtu aliyejaliwa mabega, kwa hiyo nilikuwa nimelikusanya mgongoni kwa vibanio mpaka likamkaa kana kwamba fundi alimpima yeye. Chini alivaa suruali ya kulalia yenye picha za sungura. Nikamsimamisha mbele ya kipande pekee cha ukuta wetu ambacho rangi yake haijabanduka, nikainua simu.

"Tabasamu."

"Si ninatabasamu?"

"Hapo umefanana na mtu anayeumwa jino lakini amelelewa vizuri."

Akacheka, nami nikabonyeza. Picha hiyo ndiyo tuliyoiweka kwenye akaunti yake mpya, na chini yake tukaandika: Mtaalamu wa Uhusiano wa Umma. Hatukuandika kwamba mtaalamu huyo alikuwa amezunguka na vyeti vyake tangu amalize chuo, ofisi hadi ofisi, mpaka walinzi wa milangoni wakawa wanamuulizia hali ya mama yake.

Nyumbani tulimwita Taarifa. Jina nililitunga mimi, na sijutii. Watu wengine wakivunja glasi husema "samahani" au husingizia paka. Dada alikuwa akisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameikunja mbele, na kutangaza: "Familia inaarifiwa kwamba kumetokea ajali ndogo. Hakuna aliyejeruhiwa. Tunasikitika, na hatua zinachukuliwa."

"Hatua ya kwanza ichukue ufagio," Mama alikuwa akimjibu bila kugeuka.

Tulimcheka, lakini tulichokicheka ndicho alichokiamini. Aliamini kwamba mtu aliyekosewa anastahili kuambiwa maneno yaliyonyooka, na kwamba maneno hayo yakishatoka kinywani, miguu iyafuate. Alisomea jambo hilo. Wengine walisomea uhusiano wa umma ili wakae karibu na wakubwa. Yeye, masikini, alisomea ili aombe radhi vizuri.

Akaunti tuliifungua kwa amri ya Kocha. Kocha tulimjua kwa sauti na kwa picha, basi. Picha ina meno mengi na sauti ina asali. Alikuwa ameanzisha kundi kwenye simu la wahitimu wa fani yao wanaotafuta kazi, akaliita Wasemaji wa Kesho. Kazi siku hizi haibishiwi hodi, alifundisha, inavuliwa mtandaoni: jenga jina, onekana, fahamiana na wakubwa. "Pongeza kwanza, omba baadaye." Kila asubuhi alitupa kundini andiko la bosi fulani, na kundi zima likalivamia kama kumbikumbi kwenye taa. Hongera hapa, umetufungua macho pale.

Siku moja bosi wa benki alitangaza msiba wa mama mkwe wake. Kundi halikusoma, kundi lilipongeza. "Hongera sana Mkurugenzi, unazidi kututia moyo." "Huu ndio uongozi tunaoutaka." Mmoja akauliza kama kutakuwa na awamu ya pili.

Nilicheka mpaka nikateremka kitandani bila kukusudia. Dada hakucheka.

"Hawa ndio watakaowaandikia watu rambirambi," alisema, akaiweka simu kifudifudi mezani kama mtu anayemfunika maiti uso.

Kisha maziwa yakaharibika.

Si maziwa ya nyumba moja. Ni yale ya pakiti, ya kampuni kubwa ambayo nusu ya mji ilinywa bidhaa yake kila asubuhi. Watoto walianza kutapika mtaa kwa mtaa. Jirani yetu, Mama Pacha, alikimbizwa hospitali na pacha wake wote wawili. Mmoja alirudi naye mgongoni, mwingine akabaki wodini na mpira puani. Kampuni ikatoa taarifa. Ilisema inafuatilia madai kwamba baadhi ya wateja hawakuridhishwa na ladha.

"Ladha!" Dada aliruka kutoka kwenye kiti. "Mtoto amelazwa, wao wanaongelea ladha! Nani kaandika hivi? Ana mama huyu?"

Kocha naye hakulala usingizi. Kundini alituma sauti yake ya asali: mgogoro ni mlango, wapendwa. Kila mmoja amwandikie Meneja wa Mawasiliano wa kampuni ile taarifa bora kuliko hiyo, amtumie faraghani, bila kuomba kitu. Toa kabla ya kuomba. Anayejua kutoa ataonekana.

Dada akaketi kwenye meza ya jikoni, Mama akimenya viazi upande wa pili. Aliandika na kufuta, aliandika na kufuta, mpaka nikamwuliza kama anaandika taarifa au anafua. Hatimaye akatusomea.

"Tumekosea. Maziwa yetu yamewaumiza watoto wenu. Hatutafuti neno la kulifunika jambo hili, kwa maana hakuna neno pana kiasi hicho. Tutakuja mlangoni kwako, tutaketi, na tutakusikiliza mpaka umalize."

Kisu cha Mama kikasimama katikati ya kiazi. "Hiyo ya mwisho," alisema. "Nani atakuja?"

"Wao, Mama. Kampuni."

"Waambie basi wasije na kamera."

Aliituma jioni ile. Asubuhi, taarifa mpya ilikuwa imebandikwa kwenye ukurasa wa kampuni, nami nikaisoma kwa sauti. Tumekosea. Maziwa yetu yamewaumiza watoto wenu. Neno kwa neno, mpaka nukta zake. Chini yake sifa zilikuwa zikimiminika kama maji ya bomba lililopasuka: huu ndio ukomavu, kampuni nyingine zijifunze, Meneja huyu apewe tuzo.

"Wezi!" nilipiga kelele. "Wezi wa mchana, waliovaa tai!"

Dada aliichukua simu mkononi mwangu. Nilingoja moto. Badala yake aliipandisha taarifa na kuishusha, akaipandisha tena, kama mtu anayetafuta funguo katika mfuko aliokwisha kuutafuta.

"Sentensi ya mwisho iko wapi?"

Nilitazama. Pale paliposema tutakuja mlangoni kwako, palisema: Endelea kufurahia ubora wetu.

"Dada, umeibiwa ng'ombe, unaulizia kengele?"

"Bila kengele," alisema polepole, "mwenye ng'ombe atamfuata wapi?"

Kocha alipopelekewa malalamiko, alijibu papo hapo. Hiyo ni heshima kubwa, dada yangu! Nenda pale chini ukampongeze Meneja. Usichome daraja ambalo hujalivuka. Na kundi zima, kwa utii wake wa kila asubuhi, lilikuwa tayari limeshafika huko, hongera, hongera, umetufungua macho. Ayapongeze maneno yake mwenyewe! Ni mtu kuibiwa kuku, kisha kualikwa mchuzi, kisha kutakiwa ashukuru kwa chumvi.

Hasira yangu ilikuwa bado mbichi Meneja alipomwandikia Dada. Ujumbe mfupi: ameipenda kalamu yake, aje ofisini wazungumze. Lo! Nyumba ilisahau kila kitu. Mama alilikata koti la mjomba na kulishona upya bila hata kumwomba mjomba, kwa sababu katika usaili watu huweza kukuzunguka, na vibanio havina adabu. Mimi nikatangaza kwamba namsindikiza kama mlinzi.

Nilikaa kwenye kochi la mapokezi, mbele ya chumba cha vioo ambacho mlango wake ulikataa kufunga sawasawa. Msichana wa mapokezi akaniletea chai. Kiwanda cha maziwa kizima, ghorofa juu ya ghorofa, na chai ilikuwa ya rangi. Nikachungulia ndani: kikombe cha Meneja nacho, cheusi ti. Nilijiwekea mzaha huo akiba.

Meneja hakuwa na pembe. Natamani angekuwa nazo. Alikuwa bwana mpole, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Kalamu yako ni nyepesi, binti yangu. Tuna nafasi ya afisa uhusiano. Ukiwa tayari, hata mwezi ujao unaanza."

"Nashukuru sana, mzee. Naomba kuuliza jambo moja."

"Uliza, uliza."

"Sentensi ya mwisho mliiondoa kwa nini?"

Meneja alicheka, kicheko cha upole. "Ile? Ilikuwa nzuri mno. Tatizo lake, ilikuwa inatekelezeka. Watu wangeisubiri."

"Ndiyo maana niliiandika."

"Naelewa. Lakini hebu fikiria, milango ni mingapi? Tukiketi kwa mmoja, wote watataka. Yale maneno mengine hayamgharimu mtu, ni hisia. Watu wanazihitaji hisia, nasi tumewapa."

Dada alinyamaza. Meneja, akidhani ukimya ule ni wa kukubali, akaegemea kiti na kumfungulia moyo. Kocha wao, alisema, ni rafiki yake wa siku nyingi. Kampuni ikipatwa na jambo, humdokeza Kocha, Kocha hulitupa kundini, na kufikia asubuhi kuna taarifa lukuki za kuchagua. "Safari hii ya kwako ilizipita zote. Ndivyo ninyi vijana mnavyoonekana. Huo ndio mtandao wenyewe."

Nikawakumbuka wale wote wa kundini, kila mmoja jikoni kwao, akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, akiamini kwamba anabisha mlango. Kumbe anasukuma mashine ya mtu. Nilitaka kuingia mle ndani na kumwagia mtu chai. Hata mzaha wangu wa akiba niliupapasa sikuuona.

"Naomba nikafikirie," Dada alisema, akasimama.

"Fikiria. Ila usifikirie sana," Meneja alimwambia kwa upole uleule, akimfungulia mlango. "Kundini kwenu mko wengi."

Tulirudi kwa miguu. Dada alitembea kana kwamba amebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

"Ichukue kazi," nikasema mwishowe. "Ingia, halafu uirudishe sentensi ukiwa ndani."

"Nikiwa ndani nitaanza kuelewa kwa nini iliondolewa. Yule bwana unadhani alizaliwa vile?"

Tulipofika kwetu, Mama Pacha alikuwa akianika nepi upande wa pili wa ukuta.

"Haya, umepata?" aliuliza kwa furaha ya kweli, nywele hazijachanwa, macho mekundu.

"Bado, Mama Pacha. Mtoto anaendeleaje?"

"Bado yuko kulekule."

Nepi zilizokuwa kambani zilikuwa za mtoto mmoja. Dada alizitazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akaketi kwenye meza ya jikoni bila kuvua koti, akaufungua ukurasa wa kampuni. Chini ya taarifa, chini ya hongera zote zile, akaandika: Taarifa hii niliiandika mimi. Imeachwa sentensi moja: Tutakuja mlangoni kwako, tutaketi, na tutakusikiliza mpaka umalize. Naomba irudishwe.

"Ukibonyeza hapo, kazi imekwenda," nilimwambia.

"Najua."

"Na hao mameneja wanajuana. Watakuita mkorofi mji mzima."

"Najua." Kidole chake kilikuwa kimening'inia juu ya kioo. Alikuwa akiitaka kazi ile, jamani. Asije mtu akasema hakuitaka. Alikuwa ameshamwambia Mama kwamba mshahara wa kwanza ungepaka rangi ukuta wote.

"Nikubonyezee mimi?"

"Wewe kazi yako ni kupongeza," alisema, akabonyeza.

Niligonga alama ya moyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mara simu ikalia: Dada ameondolewa Wasemaji wa Kesho. Kocha alimtumia sauti ya kumuaga. Asali ilikuwa imekwisha mzinga wote. "Umelichoma daraja, na wengine walikuwa wanalihitaji!"

"Daraja!" nikaifokea simu, ingawa haikunisikia. "Daraja lenyewe ni migongo ya watu!"

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, kampuni ilikuwa imeyafuta maneno ya Dada. Walichelewa. Watu walikuwa wameshayapiga picha na kuyatawanya, na kama ilivyo kwa habari zinazopita mikono mingi, yalikuwa yamechujwa njiani, ikabaki ile sentensi peke yake, haina mwenyewe.

Ndipo hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Pacha, na mtoto mgongoni.

"Nimeona kwenye simu wameandika watakuja," alisema. Alikuwa amechana nywele. Alikuwa amevaa gauni la kutokea. "Wewe unayejua mambo ya ofisi, hebu niambie. Wanakuja lini?"

Mama akaacha kuosha vyombo. Nami nikamgeukia Dada, mikono yake ameikunja mbele pale mlangoni, nikangoja familia iarifiwe. Alifumbua kinywa. Akakifumba. Kisha akavuta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa koti la mjomba.

"Karibu, Mama Pacha. Keti." Akampokea mtoto. "Anzia pale pakiti ilipoingia nyumbani."

Mama Pacha aliketi ukingoni, kama mtu asiye na uhakika kwamba kiti ni chake. "Ni marefu," alisema.

"Sina haraka."

"Basi ngoja nimwite na mwenzangu, tumetoka naye wodini. Amesimama hapo nje, anaona haya."

Nilichungulia. Karibu na ukuta alisimama mwanamke nisiyemjua, ameshika pakiti tupu ya maziwa, ameikunja vizuri kama kitu kinachotakiwa kurudishwa kwa mwenyewe. Nikaingia ndani kutafuta kiti kingine.