Herufi O Iliyobanwa Mbavu

Umewahi kumwona fundi hodari akiiogopa kazi yake mwenyewe? Mimi nimemwona, na ni mume wangu.

Mzee ni mchora vibao. Zamani alichora kwa brashi, juu ya ngazi, kopo la rangi likining'inia kiunoni. Magoti yalipogoma, mjukuu wetu anayetengeneza kompyuta alimletea moja kuukuu. Akaitia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa haulipiwi na hauuchoshi mtambo mkongwe, akamfundisha kuchora humo. Mzee anachora, mpiga chapa anatoa kibao. Alinawiri upya.

Kisha kioo cha kompyuta kikafa. Mzee akanunua kingine, kipana, akakichomeka mwenyewe, akafurahia herufi zilivyokuwa kubwa kubwa. Tangu hapo mambo yakaharibika. Alichora O ya mviringo kabisa, mpiga chapa akamrudishia O nyembamba, imebanwa mbavu. Akarekebisha, ikarudi vilevile. Mwisho nikamkuta ameifunika kompyuta kwa shuka.

"Jicho limekwisha," akaniambia, na akanikataza kumwambia mtu.

Wakati huohuo binti yetu, msusi, alikuwa anafungua saluni yake ya kwanza. Alipokuja kuulizia kibao, Mzee alitazama dirishani.

"Tafuta kijana, mwanangu. Mimi nimechoka."

Binti akasema sawa, akatafuta. Lakini alivyofunga zipu ya mkoba wake polepole, nilijua limemchoma. Nami nipo katikati, mdomo nimeushona.

Jumamosi akaja kutusalimu pamoja na binti yake, huyo mjukuu wa kompyuta. Mjukuu akaondoa shuka, akaiwasha kompyuta atuonyeshe picha za saluni.

"Babu, mbona nimenenepa hivi?"

"Umependeza, mke mwenzangu," nikamjibu mimi. "Tulikuwa tunashukuru kwamba siku hizi mnashiba."

"Bibi, hata mlango wa saluni umeshiba?"

Akaacha kucheka, akafungua mipangilio ya kioo, akasogeza uso. "Kompyuta bado inadhani ina kile kioo cha zamani, cha karibu mraba. Inachora picha ya umbo lile, na hiki kipya kinaivuta pembeni ili ienee."

Akachagua vipimo vya kioo kipya, 1920 kwa 1080. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, kidirisha kikauliza kama tubakize mabadiliko. Papo hapo simu yake ikaita.

"Msiguse kitu," akasema, akatoka nje.

Tukakaa watatu, mikono mapajani, kama watoto waliokatazwa sukari. Mara kioo kikarudi kilivyokuwa.

"Imekataa," akasema Mzee, kwa sauti ya mtu aliyezoea habari mbaya.

Mjukuu aliporudi akatutazama. "Hakuna aliyebonyeza Bakiza?"

"Si umesema tusiguse?" mama yake akajibu.

"Isipojibiwa inadhani huoni kitu, basi inarudisha ya zamani. Inawahurumia tu."

Akarudia, safari hii akabonyeza mwenyewe. Mshale ulikuwa unajikokota kama bata mzee. Akashuka mstari mmoja kwenye mipangilio, akatuonyesha 30. "Hizi ni mara ambazo picha inachorwa upya kila sekunde. Chache mno, macho yanachoka." Akaweka 60, mshale ukateleza. Herufi za menyu zilikuwa zimesinyaa, akazikuza peke yake bila kugusa vipimo.

Mzee akavuta kiti. Akafungua ile O yake. Sasa hata kwenye kioo ilikuwa nyembamba, kama ilivyotoka kwa mpiga chapa. Kisha akachora nyingine mpya, akaniomba uzi, akaupima juu ya kioo kwa upana, halafu kwa urefu. Ulilingana. Akapima tena.

"Kumbe nilikuwa naifinya mwenyewe," akasema taratibu, "ili ionekane duara kwenye kioo kilichovutwa."

"Kwa hiyo jicho lako lilikuwa linaona sawasawa," nikamwambia.

Binti akatugeukia. "Jicho gani? Baba, kumbe hukuwa umechoka?"

Mzee alikuwa anauzungusha uzi kidoleni, anaufungua, anauzungusha tena.

"Huyo kijana wa kibao ameshaanza?" akauliza.

"Anaanza Jumatatu."

"Mwambie asije," akasema Mzee. "Kibao chako nilitaka kukichora mimi, mwanangu. Tangu siku uliyopata ule mlango, nilitaka kukichora mimi."