Mshale Uliokwama Kwenye Mia

Mama mmoja alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka, na kwenye kazi hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kumpiga chenga. Kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda, aliweka juu ya mizani jiwe lake la chuma la kilo ishirini, akautazama mshale mpaka utulie. Ukisema ishirini kasoro, au ishirini na ushei, hapimi mtu. Wachuuzi watapayuka, madereva wa malori watapiga honi, yeye anakunja mikono tu.

"Pigeni mpaka betri zife," atawaambia. "Mizani ikisema uongo, anayeitwa mwizi ni mimi."

Mshale mmoja tu aliuamini bila kuupima, nao ndio uliomkosanisha na marehemu mumewe.

Mumewe alikuwa akipandisha kreti za maji ya chupa kwa pikipiki, kutoka mjini mpaka machimbo ya mawe kule juu mlimani. Siku alipoinunua ile pikipiki alimwahidi mkewe, mkono juu ya kichwa cha mtoto wao: hatavuka sabini, liwe jua iwe mvua. Halafu jioni moja, akiwa anashuka na kreti tupu, akaikosa kona. Waliofika kwanza walimkuta ameshakata roho. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, umeme umekatika, na mshale wa spidomita umeganda pale pale ulipokuwa: mia moja.

Askari aliyekuja nyumbani hakuzunguka. "Mama, pole sana. Lakini mzee alikuwa anakimbia."

Basi pale msibani, watu wamejaa uani, mama mkwe analia na kusema mwanawe hakuwa mtu wa fujo barabarani, mjane akasimama. Macho yalikuwa makavu. "Amejiua mwenyewe," alisema, wote wakasikia. "Aliniahidi sabini. Nani amekufa kwa mia? Msinililie hapa."

Neno likishatoka halina pa kurudi. Tangu siku hiyo yeye na mama mkwe wake walibaki kusalimiana kama majirani wanaogombea mpaka wa kiwanja. Picha ya mume aliigeuza uso ukutani, baadaye akaitia kabatini chini ya mashuka. Kaburini alikwenda mara moja, kung'oa majani, akarudi. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda, ndiyo maana hakumsamehe. Kufa angeweza kumwelewa, kumdanganya je? Mtoto akiuliza, "Baba alikuwaje?" anajibiwa, "Alikuwa mwepesi wa kuahidi." Na mtoto akakua na hilo.

Sasa mtoto mwenyewe amekuwa mtu mzima, ana ndevu, na amenunua pikipiki. Tena aina ile ile. Mama alimnunia kwa muda, akamtilia chai bila sukari, lakini kijana alikuwa amepata kazi ya kupeleka maboksi ya dawa kwenye zahanati ya mlimani, na kazi haiokotwi. Mama akapiga moyo konde. Sharti lake lilikuwa moja: popote pikipiki itakapofunguliwa, yeye awepo aone.

Ndiyo maana siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Fundi aliitwa Kimya. Jina hilo alipewa kwa kejeli, maana mdomo wake ulizimika akilala tu, na mkewe alisema hata hapo si sana.

"Karibu mama, karibu. Leo nina mkaguzi! Bwana mdogo, mama yako anakagua kila kitu chako au pikipiki tu?"

"Hata kwenye uchumba wangu anakaa hivyo hivyo," kijana alisema.

"Na nitaendelea kukaa," mama alijibu.

Tatizo la kijana lilikuwa mlima. Akipakia maboksi, pikipiki ilikuwa inapumua kama mgonjwa. Gia ya kwanza inalia, ya pili inakufa. Na sproketi zenyewe, yale magurudumu mawili ya meno yanayovutana kwa cheni, zilikuwa zimelika mpaka meno yamepinda kama ndoana. Fundi Kimya alishauri wasirudishie zilizokuwepo. Waweke ndogo zaidi mbele na kubwa zaidi nyuma, ipate nguvu ya kupanda.

"Utapoteza mbio kidogo," alisema, "lakini wewe hubebi harusi, unabeba dawa."

Akafanya kazi, mdomo na mikono vikienda pamoja. Alifungua kifuniko cha mbele, akanyoosha kibati kilichokunjwa kuizuia nati isilegee, akamwambia kijana akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, kisha akaivuta spana mpaka nati ikalia na kuachia. Akachomoa gurudumu la nyuma, akalilaza kwenye gunia. Meno aliyahesabu kwa sauti kabla ya kufunga, kila sproketi mara mbili. "Ya mbele ilikuwa kumi na tano, sasa kumi na nne. Ya nyuma ilikuwa arobaini na mbili, sasa arobaini na tano." Akavika cheni mpya, akaiacha ilegee kiasi cha vidole viwili, akaizungusha gurudumu likiwa hewani. Ikaenda bila kelele.

Kijana akashika kofia yake ngumu. "Tumemaliza, niende."

"Uende wapi? Spidomita bado."

"Spidomita ina nini? Hatujaigusa."

"Hatujaigusa, lakini tumeifundisha uongo." Fundi Kimya akachuchumaa, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Tazama. Kinachoupa mshale habari kiko hapa ndani, huku mbele, kwenye sproketi ndogo. Kazi yake ni kuhesabu hii inavyozunguka, basi. Gurudumu lenyewe hakilioni. Sasa mimi nimekupa ndogo yenye meno machache na kubwa yenye meno mengi. Kwa safari ile ile, ndogo lazima izunguke zaidi. Chenyewe kinadhani mnakimbia! Kinapiga kelele, 'Sitini, sitini!' kumbe mnatambaa hamsini na kidogo."

"Ah, hiyo si shida. Nitakuwa napunguza kichwani."

"Utapunguza kichwani mpaka siku utakayosahau. Kaa hapo."

Akatoa kisanduku kidogo cheusi cha kurekebisha mshale, si kikubwa kuliko kiberiti, akakiunga kwenye waya unaokwenda kwenye mshale. Kisha akafunga simu yake kwenye usukani kwa mpira, ile simu inayojua umekwenda wapi na kwa mwendo gani, akamtuma kijana kwenye barabara iliyonyooka mbele ya gereji. Kijana alipogeuka akapaza sauti: "Simu inasema hamsini! Mshale unasema hamsini na saba!"

"Umeona? Saba za bure hizo!"

Fundi alianza kubonyeza vitufe vya kisanduku. Hakugundua kwamba mama alikuwa amesimama kutoka kwenye benchi.

"Rudia ulichosema," mama alisema.

"Kipi, mama? Nimesema mengi."

"Mtu akiweka ndogo mbele na kubwa nyuma. Asiporekebisha. Mshale unasema zaidi."

"Zaidi, ndiyo. Siku zote."

"Kama mizani iliyoanza na kilo tano kabla hujaweka kitu."

"Ndiyo hivyo. Ila hii, kadiri unavyokimbia na uongo wake unakua."

Mama alirudi kukaa. Mkoba ulimteleza ukaanguka, vitu vikamwagika, hakuviokota. Kuna jambo alikuwa amelisikia zamani akaliweka pembeni kama gunia lisilo na mwenyewe. Alikuwa amepanda nyuma ya mumewe, wanakwenda kumwona mgonjwa. Akachungulia juu ya bega lake, akaona mshale uko karibu na themanini na tano. Alimpiga kofi la mgongo. "Sabini uliniahidi!" Na yule mwanamume akacheka huku upepo unampeperushia maneno: "Achana na huo, mama watoto! Huo unaropoka, usiusikilize!" Yeye aliona anafanyiwa masihara. Alinuna safari nzima, kwenda na kurudi.

"Mama?" Kijana alikuwa ameshuka, amepiga magoti mbele yake. "Unaumwa?"

"Pikipiki ya baba yako," alisema, "alikuwa anapandisha nayo maji. Mlima ule ule."

Kijana alimtazama, halafu akamtazama fundi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

"Ipo bado?" Fundi Kimya aliuliza kwa sauti ya chini.

"Iko kwa bibi," kijana alijibu. "Alikataa kuiuza."

Mama mkwe aliwapokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. Aliwatazama mmoja mmoja: mjukuu, fundi asiyemjua mwenye mfuko wa spana, na yule mkwe ambaye hajavuka kizingiti chake tangu arobaini ya marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama wa mjukuu wangu. Kuna kifo?"

"Hapana. Naomba kuiona pikipiki."

Bibi kizee alikausha mikono polepole kwenye kanga. "Leo?"

"Leo, mama. Tafadhali."

Ilikuwa kwenye stoo ya nyuma, nyuma ya madumu na kitanda kibovu, imefunikwa turubai. Taa ilikuwa imepasuka, usukani umepinda, vumbi limeganda kwenye grisi. Kijana alikuwa hajawahi kuigusa. Mama aliangalia kila kitu isipokuwa kioo cha spidomita, maana alijua mshale uko wapi.

Fundi Kimya alihesabu ya nyuma kwanza, akitia alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. "Arobaini na tano." Ya mbele ilimsumbua, skrubu za kifuniko zilikuwa zimeota kutu, akazipigapiga na nyundo mpaka zikakubali. Akafuta grisi kwa kitambaa, akahesabu. Akahesabu tena.

"Kumi na tatu," alisema. "Kumi na tatu! Huyu alikuwa anapanda ukuta. Na waya huu haujaguswa tangu kiwandani, hakuweka cha kurekebisha."

"Mnatafuta nini kwenye kitu cha mwanangu?" bibi aliuliza.

Fundi alikuwa ameshachukua simu, anapiga hesabu, midomo inacheza. Alipomaliza alimgeukia mama. "Mshale huu ukisema mia, mama, pikipiki iko themanini. Themanini na kitu kidogo."

Themanini. Mama alishika kingo za kitanda kibovu. Sabini haikuwa. Tangu pale gereji alikuwa ameomba kimoyomoyo iwe sabini, sabini kamili, ili amalize. Lakini mia nayo haikuwa. Alikuwa amemlaza mtu kaburini na kosa la mia, akamnyima hata picha yake ukutani, na mtu mwenyewe alikuwa amezidisha kama wanavyozidisha watu wanaowahi nyumbani, mzigo umeshushwa, giza linakuja.

"Mama," alimgeukia mama mkwe wake. "Msibani nilisema maneno. Mshale ulikuwa unadanganya. Yeye mwenyewe aliniambia, mimi sikumsikiliza. Hakuwa kwenye mia. Nisamehe, ulikuwa unasema kweli."

Alitegemea bibi alie, au ajigambe, au amfukuze. Haki yote hiyo alikuwa nayo. Bibi kizee hakufanya lolote kati ya hayo. Alimgeukia fundi.

"Umesema ngapi?"

"Themanini, bibi. Na kidogo."

"Kwenye kona ile?"

"Ndiyo, bibi."

"Kona ile yenye kokoto, ambayo hata punda huishuka kwa kufikiri?" Sauti ilikuwa inapanda. "Themanini? Na ana mtoto nyumbani?" Akavua ndala, akaitandika siti ya pikipiki, vumbi likatimka. "Mjinga wewe! Mjinga!" Akapiga tena. "Miaka yote nakutetea! Kila anayepita nakutetea! Kumbe ulikuwa themanini!"

"Bibi, bibi..." Kijana alitaka kumshika.

"Mwache," mama alisema. Alielewa. Muda wote ule yeye ndiye aliyekuwa na hasira za kutosha watu wawili, na mwenzake hakubakiwa na kazi ila kulinda. Ulinzi ule haukumwachia mama wa watu hata siku moja ya kumkasirikia mtoto wake.

Bibi alipochoka alikaa juu ya dumu, ndala mkononi, anahema. Mama akavuta dumu jingine, akakaa kando yake.

"Alikuwa anawahi kurudi," mama alisema.

"Usimtetee."

"Nguvu za pikipiki ile zote zilikuwa za kupanda. Kwenye mteremko alikuwa anaiachia tu."

"Nimesema usimtetee! Breki hana?"

"Breki alibadilisha mwezi ule ule, mama. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Basi angezikanyaga!"

"Labda alizikanyaga."

"Labda, labda! Wewe siku zote ulimdekeza."

"Mimi? Nani alikuwa anamfichia nyama?"

Fundi alikusanya spana zake, akamvuta kijana shati, wakatoka uani wakawaacha. Nyuma yao wale wanawake wawili waliendelea kugombana juu ya marehemu, kwa sauti, hawamalizi, kama watu wanaomgombania mtu aliyechelewa tu kurudi nyumbani.