Chupa Moja kwa Kila Mtu Mzima

Kazi yangu ni kuwanyang'anya watu mvinyo, na naifanya kwa moyo mmoja. Siku ya kupokea abiria nakaa nyuma ya meza ndefu, mbele kidogo ya mashine ya kukagua mizigo, nimevaa sare nyeupe iliyonyooshwa pasi mpaka kola inakwaruza shingo. Nyuma yangu kuna rafu, mkononi nina vibandiko vya namba za vyumba. Kanuni ya meli yetu ya utalii ni fupi: kila mtu mzima anaruhusiwa kupanda na chupa moja ya mvinyo, iliyozibwa, na ni siku ya kwanza tu. Ukija na ya pili naichukua, naibandika namba ya chumba chako, unarudishiwa siku ya kushuka. Ukitaka kuinywa ile moja ukumbini wakati wa chakula, unalipa ada ya kufunguliwa. Basi.

Lakini watu! Nimekuta mvinyo kwenye chupa za shampuu. Nimeukuta kwenye mpira wa maji ya moto, umefungwa tumboni kwa bwana mmoja aliyeapa kwamba tumbo linamsokota. Bibi harusi mmoja alificha chupa ndani ya gauni akawa anatembea kama goti limeteguka, na mumewe anamshika mkono kwa huruma, hana habari. Wenzangu wamenibatiza Forodha, na jina limenikaa. Sioni haya. Nachukua huku natabasamu, na mtu akinitukana namtakia safari njema.

Asubuhi ninayoisimulia hapa, tabasamu lilikuwa la kulazimisha. Mama yangu alikuwa anakuja.

Mama ni muuguzi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Sista. Tangu nianze kazi melini hakuwahi kukanyaga huku, maana kwake meli ni mahali pa watu wasio na kwao. Kila nikimpigia simu, kabla hata sijamaliza salamu, ananiuliza, "Unakula na nani?" Nikisema nakula na wenzangu, anaguna. Safari hii wafanyakazi tuliruhusiwa kuleta mzazi mmoja kwa nauli nafuu. Nikamwalika nikijua atakataa kama kawaida yake. Akakubali hapo hapo, na mimi jasho jembamba likanitoka.

"Nakuja," alisema. "Na nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia. Nikikuta unaishi huko kama mkiwa, tunashuka wote. Shangazi yako keshakutengea nafasi kwenye duka lake la vitambaa."

Najua kuna mtu atacheka: mwanamke mzima, ana mshahara wake, anaogopa kushushwa melini na mama yake. Acheke tu. Hamjui mama yangu ninyi. Huyu ni mtu aliyewahi kumteremsha daktari mkuu kwenye gari lake, injini inanguruma, akamrudisha wodini kumwangalia mgonjwa, na daktari akamwambia asante. Mimi sijawahi kumkatalia jambo tangu nizaliwe. Akinitazama tu akasema "mwanangu," nimekwisha. Na naipenda kazi yangu, jamani. Napenda mlio wa kizibo kinapotoka, napenda lango linapofunguliwa asubuhi na watu wanaingia wamejaa hamu. Sikutaka kwenda kupima vitambaa.

Foleni ikaanza. Msimamizi wetu, tunayemwita Kizibo kwa sababu ni mfupi, amejaa, na maneno hayamtoki mpaka umvute, alikuwa anazunguka nyuma yangu mikono mgongoni.

Wa kwanza kuweka chupa mezani alikuwa bwana mmoja mwembamba mwenye kamera shingoni. Niliitazama ile chupa, moyo ukanipiga pa! Mdomo wake umezibwa kwa nta nyekundu ya mshumaa. Ubavuni pana kipande cha plasta ya kidonda, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: MVINYO WA NANASI. USITIKISE. WEKA MBALI NA WATOTO.

Mwandiko ule naujua. Kwetu kila kitu kina plasta: sukari, chumvi, hata rimoti ya televisheni.

"Ni yako?" nikamuuliza.

"Yangu," akajibu kwa fahari. "Nimepewa sasa hivi."

Nikampitisha. Chupa moja, mtu mmoja, imezibwa, ningesema nini? Nyuma yake wakaja maharusi wawili, kila mmoja na chupa, kila chupa na plasta. Akaja dereva wa malori aliyekuwa likizo, kaikumbatia yake kama mtoto mchanga. Wakaja ndugu watatu wanaofanana kama sare, chupa tatu. Kila mmoja ananitazama usoni bila wasiwasi wowote, na mimi nabaki kuhesabu watu wazima.

Akafika mama mmoja anayetembelea fimbo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifumbua macho. "Kuna mama huko nyuma," aliniambia huku akipumua, "kaisoma kanuni yenu pale ukutani mara mbili. Kaniuliza kama nina chupa. Nikamwambia sina. Akaniambia, 'Sasa unaacha haki yako ipotee hivi hivi?' Kanipa hii. Halafu kaniangalia miguu, kaniambia nikifika chumbani niinyanyue juu ya mto."

Kizibo akasogea karibu. "Forodha, hiki ni kiwanda gani?"

"Nakifahamu, bosi," nikasema. "Kinakuja nyuma."

Kikaja, cha mwisho kabisa kwenye foleni, kimevaa koti la safari na viatu vya kazi vya wauguzi. Mama akaweka chupa mbili mezani, moja upande huu, moja upande ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Akaonyesha chupa kwa kidevu. "Watu wameniishia. Hao wa mwisho walikuwa na zao."

Kizibo akakohoa. "Mama, samahani. Hizi chupa zote zilizopita hapa ni za kwako. Umezipitisha kwa mikono ya watu."

"Zilikuwa zangu," mama akamjibu kwa upole, kama anamweleza mgonjwa dozi. "Nimewapa, sasa ni zao. Nimewapa sharti moja tu, wasinywe peke yao. Kuna mahali mmeandika mtu asipewe?"

Kizibo akatoa karatasi ya kanuni mfukoni, akaisoma, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. "Hapana," akasema, sauti imemkauka. "Kanuni haijavunjwa."

Watu waliokwisha kupita walikuwa hawajaondoka. Walisimama pale kando na chupa zao, wanangoja kuona nitafanya nini. Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo.

"Mama," nikasema, "moja inapita. Hii nyingine nabaki nayo mpaka siku ya kushuka."

Akaegemea meza. "Mwanangu," akasema.

Neno lile lingenipata nyumbani, chupa ingepita na rafu ingeifuata. Lakini nilikuwa nyuma ya meza yangu, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemnyang'anya mzee wa watu chupa aliyosema ni zawadi ya mkewe. Nikapiga moyo konde, nikabandua kibandiko.

"Namba ya chumba, tafadhali."

Mama akaitaja namba, moja moja, nikaandika. Akachukua chupa yake moja, akaondoka bila kusema lolote, wala hakugeuka nyuma.

Mama akipiga kelele huna haja ya kuogopa. Akinyamaza, ndipo utafute pa kujificha. Mchana kutwa nilifanya kazi akili haipo, nikajaza barafu kwenye ndoo ambayo ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumuagia Kizibo. Bosi, mama amekuja kunichukua, nashuka bandari inayofuata, unisamehe.

Jioni zamu yangu ni ukumbini, kufungua chupa za abiria. Niliposukuma mlango nikakuta kona ya dirishani imepinduliwa. Meza ndogo zilizopangwa vizuri zilikuwa zimeunganishwa zikawa moja ndefu, na wahudumu wenzangu wanapita ubavu ubavu na masinia juu ya vichwa. Mama alikuwa katikati. Bwana wa kamera yuko kulia kwake, dereva wa malori kushoto, maharusi wamebanana kwenye pembe, mwalimu wa fimbo amenyanyua mguu juu ya kiti.

"Mimi!" mama alikuwa anasema, kiganja kifuani. "Mimi niliyemzaa! Kaninyang'anya chupa mchana kweupe, watu wanaona! Nimemwita mwanangu, na ninyi mmenisikia. Kaniuliza namba ya chumba!"

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Hata jicho hakupepesa," akaendelea. "Mkono umetulia hivi. Nimefundisha wauguzi miaka na miaka, wenye mkono wa namna hiyo niliwapata wachache." Wakaja ndugu watatu waliokuwa wamechelewa, akawaanzishia upya toka mwanzo, na safari hii nikasikia ameongeza chumvi: eti nilimwambia apishe foleni.

Nikasogea na kizibuo changu. Nikawaeleza habari ya ada.

"Yaani nilipe," mama akauliza, "ili binti yangu azibue nilichokiziba mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wenzake. "Lipeni. Mtoto yuko kazini."

Ile nta ilikuwa ngumu. Nikaikwangua polepole kwa kisu kidogo, nikafuta mdomo wa chupa, nikazungusha kizibuo, nikavuta. Mama alikuwa haangalii chupa. Aliangalia vidole vyangu, midomo imebana kidogo, kama alivyokuwa akiwasimamia wanafunzi wake wakichoma sindano ya kwanza. Bwana wa kamera akaonja, macho yakamtoka, akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. "Mzuri," akasema alipopata pumzi, na akasogeza glasi aongezewe.

Nikainama sikioni kwa mama. "Chupa zote hizi ulitengeneza za nini?"

"Kila uliponiambia unakuja likizo, nilitengeneza," akasema. "Safari yako ikibadilishwa, naisukumia chini ya kitanda. Ulitaka niinywe na nani?"

Hilo liliniingia. Miaka yote ananiuliza nakula na nani, na mimi nimechukia swali lile, nimelikwepa, nimelicheka na wenzangu. Sikuwahi kumuuliza yeye. Nilisimama pale na chupa mkononi, na kicheko cha meza kikawa mbali kidogo.

Mama akavuta kiti kilichokuwa kitupu pembeni yake, akakipigapiga. "Kaa."

"Siruhusiwi, mama. Nikiwa zamu sikai na abiria. Na wala sinywi."

"Nani kasema?"

Nikamwonyesha kwa macho. Kizibo alikuwa mlangoni, mikono mgongoni, anajifanya anatazama taa.

Mama akamtazama Kizibo. Akakitazama kile kiti. Nikajua sasa imefika: sasa atasema tunashuka, na mimi sina nguvu ya kumkatalia mara mbili kwa siku moja.

"Shangazi yako nitamwambia nini?" akauliza.

"Mwambie niko kazini, mama."

"Nitamwambia atafute mtu mwingine," akasema.

Halafu akashika ukingo wa meza akainuka, glasi mkononi, akajiweka sawa kando yangu, bega kwa bega. "Haya, jamani," akawaambia wale watu ambao asubuhi hakuna aliyemjua mwenzake. "Simameni. Mtoto hakai, na sisi hatukai."

Viti vikakwaruza sakafu. Dereva wa malori alisimama, maharusi wakasimama, ndugu watatu kwa mpigo, na mwalimu mstaafu akashusha mguu wake akamshikilia bwana wa kamera begani. Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Nikawamiminia mmoja mmoja nikianzia kwa mama, na mkono wangu, uliotulia kutwa nzima, ukaanza kutetemeka, nikamwaga mvinyo kwenye kitambaa cheupe cha meza kwa mara ya kwanza tangu nivae sare ile.