Jina Chini ya Alama za Kuuliza

Makaburi ya kigango chetu yalitakiwa kuhamishwa ili barabara ipite. Tangazo lilisema kila familia itaje kaburi lake kwa jina kabla ya Ijumaa, siku ya kuhamisha na kuzika upya. Yasiyo na mwenyewe yatafukiwa katika shimo moja. Mimi nilikuwa na moja tu, la pacha wangu, aliyekufa kwa surua tukiwa na miaka mitano. Sikutaka alale na wageni.

Daftari la katekista lililiwa na mchwa. Ilibaki orodha aliyoiingiza padre mmoja mzee kwenye kompyuta, na padre yule alipenda kuweka vidoti na vikofia juu ya herufi ili sauti za Kiiraqw zisipotee. Mjukuu wangu Goodness alipoifungua Alhamisi asubuhi, majina yetu ya nyumbani yalikuwa yamejaa alama za kuuliza, mstari kwa mstari, kama watu waliotupa kisogo.

"Yamefutika?" nikauliza.

"Hapana, bibi, yapo chini. Ndani ni namba tu, sasa zinasomwa kwa jedwali la herufi lisilo lake. Ngoja niiulize kompyuta inajua majedwali gani."

Ikatoa orodha ndefu: LATIN1, LATIN2, UTF8, na mengine mengi. Akaiuliza tena, lipi linageuzwa kwenda lipi.

"Si yote yana njia," akasema. "Mengine hayasalimiani kabisa, kama wewe na jirani yako Mama Neema."

"Nguruwe wake aliyekula mahindi yangu ndiye asiyenisalimia," nikamjibu.

Akajaribu moja baada ya jingine. Mimi sina haraka. Nilikuwa na ungo wangu, nikamenya maharage mabichi. La kwanza lilileta herufi za ajabu. La pili likakataa. Kwenye la sita majina yakainuka yote kwa pamoja, na vikofia vyao.

Nikasoma kwa kidole. Kaburi la arobaini na moja: mtoto wa kike, miaka mitano, surua, binti wa baba yangu. Jina la mtoto lilikuwa langu. Si Evarista nililobatizwa baadaye. Lile la nyumbani, ambalo siliandiki hapa. Walioniita hivyo wote wamekufa.

"Padre amekosea," Goodness akasema nilipomwambia.

Padre hakukosea, alinakili tu daftari la katekista. Zamani mtoto akifa, nyumba ilitengwa, hali tuliyoiita metimani. Mtu wa nje hakanyagi ua. Katekista alisimama njiani, akaona mtoto mmoja mlangoni. Alikuwa akitutofautisha kwa shanga: nyekundu za pacha wangu, za buluu zangu. Aliona nyekundu, akaandika kwamba wa buluu ndiye amekufa. Shangazi alinieleza nilipokuwa mkubwa: mama alitubadilishia shanga kabla ya maziko, ili kifo kikirudi kunitafuta kikute nimeshazikwa.

Miaka sitini na saba hakikurudi.

"Bibi, huwezi kudai kaburi lako mwenyewe," Goodness akasema. "Nirekebishe, au tuache?"

Nikiacha, pacha wangu anakwenda shimoni, tena kwa jina langu.

"Rekebisha." Nikamtajia jina la pacha wangu polepole, na vidoti vyake.

"Na hili nilifute?"

"Lifute. Ni la mtu aliye hai."

Akabonyeza. Mstari ukabadilika.

Hapo mtu akaniita kutoka njiani, kwa jina lile. Sauti ya upole, ya mtu anayejua hatakiwi kukanyaga ua. Goodness alikuwa kando yangu, amefumba midomo, macho dirishani. Mchana mweupe, njiani hapakuwa na mtu.

"Usiitike, bibi," akanong'ona.

Nikaweka ungo chini.

"Ngoja kwanza!" nikajibu kwa sauti. "Kesho nina mtu wa kuzika."

Tukasikia majani makavu yakivunjika kando ya njia, kama mtu anayeketi chini kusubiri.